Mjumbe wa Injili Hujifunza Kusema Kama Mtoto

Somo kwa wakatekumeni: Kwenda ugenini kwa ajili ya Kristo

I. Mungu huwatuma watu mbali

Tangu zamani Mwenyezi Mungu amewaita watu watoke kwao. Abrahamu aliiacha nchi ya baba zake, akaenda asikokujua. Musa alikuwa mgeni katika nchi ya Midiani wakati Mungu alipomwita kutoka katika kile kijiti kilichowaka moto. Mitume nao, walipompokea Roho Mtakatifu siku ya Pentekoste, walianza kunena, na kila mgeni aliyekuwako Yerusalemu akasikia matendo ya Mungu katika lugha ya kwao.

Jambo hilo lastahili kuangaliwa vizuri. Mungu angaliweza kuwapa wageni wale wote akili ya kuifahamu lugha moja tu, ile ya Mitume. Hakufanya hivyo. Alipenda kila mtu asikie habari njema katika lugha aliyoipata kwa mama yake. Tangu siku ile Kanisa limejua kwamba anayetumwa ndiye apaswaye kujifunza lugha ya wale anaotumwa kwao.

Watu wa Likasi hawahitaji kuambiwa maana ya ugeni. Mji huo, ulioitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, ulikua kwa sababu ya shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwaita wafanyakazi kutoka pande nyingi: wengine walitoka Kasai, wengine Ruanda, wengine Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mtu alifika na lugha ya kijiji chake tu, akaingia kambini, na jirani yake hakumwelewa. Katika migodi, sokoni na kisimani wakajifunza Kiswahili. Mababu wa wengi wasomao somo hili walianza maisha yao huko kwa kusema kama watoto wadogo, ingawa walikuwa watu wazima wenye wake na watoto.

Leo wana wa nchi hiyo hiyo hutumwa mbali. Wamisionari wa Scheut, ambao shirika lao lilianzishwa huko Ubelgiji mwaka 1862, walifika Kongo mwaka 1888. Wakati ule Wabelgiji ndio waliojifunza lugha za Kongo. Siku hizi Wakongo wengi ni watawa wa shirika hilo, na baadhi yao hutumwa Amerika ya Kilatini, kama vile Guatemala na Jamhuri ya Dominika, mahali ambapo Misa, shule na soko hutumia Kihispania. Mambo yamegeuka: aliyepelekewa mjumbe sasa yeye ndiye mjumbe.

II. Kuwa mtoto tena

Kijana atokaye Katanga hupitia miaka mingi ya maandalizi kabla ya kutumwa. Hujifunza sala, maisha ya pamoja, utii, filosofia na teolojia. Hata hivyo, siku anaposhuka katika ndege huko ugenini, elimu hiyo yote hukaa kimya ndani yake. Hawezi kuuliza njia. Hawezi kununua sabuni bila kuonyesha kwa kidole. Mtoto wa miaka minne humsahihisha, na watu humcheka. Huo ni msalaba wake wa kwanza, nao humuuma kuliko alivyodhani, kwa kuwa kwao alikuwa mtu wa kuheshimiwa kwa ajili ya maneno yake.

Mungu hakumwacha bila msaada. Msemaji wa Kiswahili anayejifunza Kihispania hukuta mlango mmoja uko wazi: vokali za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, nazo husomwa karibu sawa na zile za Kiswahili. Herufi ñ ni kama ny yetu. Hata namna ya kusema njaa na baridi inafanana: Mhispania husema ana njaa, ana baridi, kama sisi.

Milango mingine ni mizito. Kwa Kiswahili majina hugawanyika katika ngeli za watu, za miti, za vitu na nyingine. Kwa Kihispania kila jina ni la kiume au la kike, hata mkate ni wa kiume na meza ni ya kike. Kuna maneno mawili ya kusema mtu ni nani na mtu yuko wapi au yu katika hali gani. Mwanafunzi huyachanganya kwa miezi mingi. Kuna wewe ya rafiki na wewe ya heshima. Akikosea, mzee aweza kudhani amedharauliwa. Tena kuna herufi r moja na r mbili. Neno pero, lenye r moja, maana yake ni lakini. Neno perro, ambalo ulimi hutetemeka ndani yake, maana yake ni mbwa. Mhubiri asiyeangalia ulimi wake aweza kuwaambia waumini kanisani mbwa mahali pa lakini, nao watacheka mpaka mwisho wa mahubiri.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hayo. Hata jina la Bwana wetu yampasa kujifunza kulitamka upya. Huandikwa Jesús, na herufi j husomwa kwa pumzi itokayo kooni, karibu na h yetu nzito. Jina alilofundishwa na mama yake kabla hajajua kusoma, sasa analitamka polepole, akisahihishwa na wengine. Mwenye kiburi huona aibu hapo. Mwenye imani hukumbuka kwamba Mwana wa Mungu mwenyewe alikuwa mtoto mchanga Bethlehemu, asiyeweza kusema. Kwamba yeye aliye Neno la Baba alijifunza maneno ya wanadamu kutoka kinywani mwa Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu. Mungu hakuona aibu kujifunza kusema. Mjumbe wake aone aibu ya nini?

III. Chakula, baridi na upweke

Lugha si yote. Nyanda za juu za Guatemala ni za baridi. Mji wa Quetzaltenango uko juu zaidi ya mita 2,300. Aliyezoea bukari na sombe hupewa mkate mwembamba wa mahindi uliookwa juu ya bamba la moto, pamoja na maharagwe. Siku za kwanza huula kwa adabu tu. Kisha hugundua jambo la kumfurahisha: mahindi yale ni ndugu wa mahindi ya bukari. Mahindi asili yake ni Mexico, nayo yaliletwa Afrika na mabaharia baada ya mwaka 1492. Muhogo nao ulitoka Amerika ya Kusini. Vyakula ambavyo watu wa Katanga huviita vya kwao vilikuwa wageni zamani, vikapokelewa, vikaota mizizi, hata leo hakuna akumbukaye ugeni wao.

Hugundua na jambo la pili. Huko Guatemala watu wengi hawasemi Kihispania nyumbani. Wao ni wana wa Wamaya, na zipo lugha zao zaidi ya 20. Kwao Kihispania ni lugha ya shule na ya ofisi, kama Kifaransa kilivyo kwa mwanakijiji wa Katanga. Basi mmisionari, baada ya kuhangaika na Kihispania, huona kwamba bibi kizee aliyekuja kuungama hukitamka kwa shida kama yeye. Wote wawili ni wanafunzi. Mjumbe mvivu husema, Kihispania kinanitosha. Mjumbe mwema hutafuta mwalimu, akaanza tena na lugha ya bibi yule.

Upweke nao huja, zaidi usiku, na zaidi siku habari za msiba zinapofika kutoka nyumbani, naye hawezi kwenda kuzika. Hapo hakuna dawa nyingine ila sala, Ekaristi Takatifu, na urafiki wa wale aliotumwa kwao. Asiyewaruhusu wenyeji wamfariji hatakuwa baba yao. Anayepokea uji kutoka kwa jirani siku ya huzuni yake amekwisha kuanza utume, ijapokuwa hajahubiri hata mara moja.

IV. Watu wa Angola katika mji wa Cartagena

Watu wa pande zetu hawakuanza leo kujifunza Kihispania. Wa kwanza hawakwenda kwa hiari yao. Katika karne ya 16 na ya 17 watu wengi walikamatwa, wakauzwa, wakapakiwa melini huko Luanda na katika pwani nyingine za Afrika, wakavushwa bahari mpaka mji wa Cartagena, katika nchi iitwayo leo Kolombia. Waliteremka wakiwa wagonjwa, uchi, na wenye hofu kuu, na hakuna aliyewaambia neno waliloweza kulielewa.

Katika mji huo aliishi padre wa Shirika la Yesu, jina lake Alonso de Sandoval. Aliwauliza watumwa kama walikuwa wamebatizwa, nao wengi walijibu kwamba walimwagiwa maji kabla ya kuondoka Afrika. Akawauliza maana yake. Wengi hawakujua. Wengine walidhani ni maji ya kupoza joto. Wengine waliogopa kwamba ni uganga wa kuwadhuru. Hawakufundishwa kitu, wala hawakuulizwa kama wanataka. Padre Sandoval aliona hatari hiyo, akafundisha kwamba lazima kila mtu aelezwe katika lugha yake, na kwa hiari yake mwenyewe aombe ubatizo. Aliandika kitabu juu ya mambo hayo, kikapigwa chapa Sevilla mwaka 1627.

Mwanafunzi wake katika kazi hiyo alikuwa Mtakatifu Petro Claver. Alizaliwa mwaka 1580 huko Verdú, katika Catalonia, sehemu ya Hispania yenye lugha yake yenyewe. Aliingia Shirika la Yesu mwaka 1602. Akiwa mwanafunzi katika kisiwa cha Mallorca alifanya urafiki na bruda mzee, mlinzi wa mlango, Mtakatifu Alfonso Rodríguez, naye ndiye aliyemhimiza aende Amerika. Claver alisafiri mwaka 1610, akapadrishwa Cartagena mwaka 1616. Mwaka 1622, alipoweka nadhiri zake za mwisho, aliahidi kuwa mtumwa wa watu weusi siku zote.

Meli ilipotia nanga, alikwenda na machungwa, ndimu, mikate na dawa. Aliwapa kwanza chakula, akawaosha vidonda, ndipo akanena juu ya Mungu. Alionyesha picha ya Bwana msalabani. Alijifunza lugha ya Angola, lakini watu wale walitoka kabila nyingi, na mtu mmoja hakuweza kuzijua lugha zao zote. Kwa hiyo alifanya kazi pamoja na wakalimani. Mmoja alikuwa Andrés Sacabuche, mtu wa Angola. Mwingine aliitwa Calepino kwa sababu alijua lugha nyingi. Jina hilo lilikuwa la mtunga kamusi mashuhuri. Watu hao walikuwa wamefika Amerika kama wenzao, wakajifunza Kihispania katika machozi, wakafundishwa imani, kisha wakawa makatekista.

Ukweli usifichwe: wakalimani hao nao walikuwa watumwa, na waliowanunua ni mapadre wa chuo cha Cartagena. Ni jambo la aibu, na Kanisa leo lafundisha wazi kwamba kumfanya mtu mali ya mtu ni dhambi. Lakini mbele ya wagonjwa wale waliolala gizani melini, nani alileta neno la kwanza la faraja? Mhispania alishika msalaba. Sauti iliyoeleweka ilikuwa sauti ya Mwafrika. Mwenye lugha ya Angola alilisikia jina la Nzambi, ambalo hata leo ni jina la Mungu huko Angola, katika Kongo ya chini na Kasai, akajua kwamba Mungu hakumwacha ng'ambo ya bahari.

Mtakatifu Petro Claver alifariki tarehe 8 Septemba 1654. Kanisa lilipochunguza maisha yake, Andrés Sacabuche aliitwa atoe ushahidi, na maneno yake yaliandikwa. Baba Mtakatifu Leo XIII alimtangaza Claver kuwa mtakatifu tarehe 15 Januari 1888, siku moja na yule mlinzi wa mlango, rafiki yake. Mengi tunayoyajua juu ya mtakatifu huyo twayajua kwa sababu wakalimani wake waliyaona na kuyasema.

V. Lugha bila upendo haitoshi

Asije mtu akafikiri kwamba kujua lugha kunatosha. Likasi yajua uchungu huo. Katika miaka ya 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao; wengi walilala kwenye kituo cha gari-moshi cha Likasi kwa muda mrefu, wakingoja gari la kuwachukua. Wengi wao walizaliwa papo hapo Katanga. Walisema Kiswahili kama jirani zao, walichimba shaba ile ile, na wengi walikomunika katika kanisa lile lile. Lugha moja haikuwalinda, kwa sababu upendo ulikuwa umezimika.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto, alimlinganisha mwenye lugha zote asiye na upendo na shaba itoayo mlio mtupu. Watu wa nchi ya shaba waelewe mfano huo kuliko wengine. Mjumbe hujifunza Kihispania, au lugha ya Wamaya, au Kiswahili, ili apate kupenda. Kama hapendi, sarufi yake yote ni kelele tu. Kama anapenda, hata makosa yake ya ulimi husamehewa, na watu huielewa nia yake kabla ya kuyaelewa maneno yake.

VI. Fundisho kwa mkatekumeni

Mkatekumeni naye yuko safarini. Hajavuka bahari, lakini ameingia katika nyumba yenye maneno mageni: neema, sakramenti, toba, ukombozi. Asiyakariri kama kasuku kwa sababu tu siku ya mtihani inakaribia. Akiwa haelewi, na amwulize katekista wake bila haya. Wale waliomwagiwa maji huko Luanda bila kuelezwa hawakuwa na nafasi ya kuuliza. Yeye anayo.

Kijijini akija mgeni, padre au mfanyabiashara au mkimbizi, akikosea maneno, mkatekumeni amsahihishe kwa upole, asimwaibishe. Aliyemfundisha mgeni neno moja jema amemsaidia kazi yake, kama Sacabuche alivyomsaidia Claver.

Iko hekima moja katika Kihispania ambayo mkatekumeni aweza kuichukua. Sisi tuna maneno mawili, kungoja na kutumaini. Wao wanalo neno moja kwa yote mawili, nalo ni esperar. Mmisionari angojaye ulimi wake ufunguke, mama angojaye barua ya mwanawe aliye mbali, mkatekumeni angojaye usiku wa Pasaka abatizwe: wote hungoja kwa kutumaini. Kungoja kwao si kupoteza siku.

Maswali ya kujipima

1. Siku ya Pentekoste wageni walisikia habari njema katika lugha gani?
Jibu: Kila mmoja alisikia katika lugha ya kwao.

2. Kwa nini mjumbe wa Injili asione aibu kusema kama mtoto?
Jibu: Kwa sababu Mwana wa Mungu mwenyewe alipofanyika mtu alijifunza kusema.

3. Padre Sandoval aliona kosa gani katika ubatizo wa watumwa?
Jibu: Walimwagiwa maji bila kufundishwa wala kuulizwa hiari yao.

4. Wakalimani wa Mtakatifu Petro Claver walikuwa watu wa namna gani?
Jibu: Walikuwa Waafrika waliouzwa utumwani, wakajifunza Kihispania, wakawafundisha wenzao imani.

5. Lugha bila upendo ni kama nini?
Jibu: Ni kama shaba itoayo mlio mtupu.

Azimio la juma hili

Kila mkatekumeni amtafute mtu mmoja kijijini asiye mwenyeji, amsalimu, naye ajifunze salamu moja ya lugha ya mtu huyo. Siku ya somo lijalo awafundishe wenzake salamu hiyo.

Sala

Ee Bwana Yesu, Neno la Baba, uliyejifunza kusema mikononi mwa Mama yako, uwalinde wana wa nchi yetu walio mbali kwa ajili ya Injili. Ufungue ndimi zao, utulize upweke wao, uwape rafiki kati ya wageni. Nasi tungojao ubatizo utupe masikio ya kusikia na moyo wa kupenda. Amina.